Mishale inatawanyika nikifika mita 40: je, ninunue kifyatulio kipya?

*"Shikamoo fundi. Mimi ni mfuatilia nyayo katika kampuni ya uwindaji wa kitalii, na msimu ukiisha narudi nyumbani Mwanza. Mwindaji bingwa ninayefanya naye kazi ana upinde wa mtambo, ule wenye kitako na triga kama bunduki, na huniruhusu kuupigia shabaha shambani kwake Kisesa, yeye mwenyewe akiwepo. Mteja wetu mmoja kutoka Michigan, Marekani, amenialika kwao Oktoba nikawinde naye kulungu wa mkia mweupe, maana huko pinde hizi ni za kawaida. Shida yangu ni hii: nikiwa mita 20 mishale inakaa ndani ya duara la sentimita 8, lakini nikirudi mita 40 inatawanyika mpaka sentimita 30. Triga ni nzito, inakwaruza, na sijui itaachia lini. Mteja anasema zipo triga za kampuni nyingine, anaweza kuniletea moja kwa dola 150, na mkubwa wangu amekubali niifunge nikiilipia mwenyewe. Rafiki yangu anasema triga nyepesi huongeza mwendo wa mshale. Fundi mmoja wa Nyakato ameniambia nisipoteze hela, yeye ataipiga msasa kwa elfu 20. Nifanye lipi?"*

Marahaba, mdogo wangu. Umefanya jambo ambalo wengi wanaoniuliza hawalifanyi: umeleta vipimo. Hizo namba zako mbili zimenieleza mengi kuliko maelezo yote ya uzito wa triga, na jibu langu karibu lote nimelitoa humo. Naielewa pia hofu iliyo chini ya swali. Wewe kazi yako ni kufuata damu ya wanyama waliojeruhiwa na watu wengine, kwa hiyo unajua vizuri mshale uliokosea kwa shibiri moja unamfanya nini mnyama. Hutaki kuwa mtu wa kumfanyia hivyo kulungu wa watu.

Ushauri wangu ni kwamba usinunue kwa sasa, na usimpe fundi wa Nyakato kifyatulio hicho hata akikufanyia bure. Kifyatulio chako kinakusumbua kweli, lakini sicho kinachotawanya mishale yako kwa kiasi hicho. Ukitumia dola 150 leo, nahofia utarudi Kisesa na triga laini na sentimita zilezile 30.

Tuanze na namna kifaa chenyewe kinavyofanya kazi. Aliyekulia Usukumani ameuona upinde wa sungusungu: vidole vinavyovuta upote, yaani kamba ya upinde, ndivyo vinavyouachia, hakuna kitu kingine katikati. Kwenye upinde wa mtambo, upote ukishakokiwa, yaani ukishavutwa nyuma mpaka mwisho, hushikwa na kulabu ya chuma. Pinde nyingi za kuwindia za siku hizi zina mvuto wa kati ya kilo 70 na 90, na kulabu hiyo hubeba sehemu kubwa ya mzigo huo muda wote upinde ukiwa umekokiwa. Kulabu yenyewe inatamani kuzunguka na kuachia. Inazuiwa na kipande kingine kidogo kilichoukanyaga mkia wake, nami nitakiita kizuizi. Kifyatulio unachokigusa kwa kidole kazi yake ni moja tu: kukiondoa kizuizi.

Sasa fikiria hesabu hiyo. Kidole chako kinatakiwa kuachia mzigo wa kilo 80 kwa nguvu ya kilo moja na nusu au mbili, na hapohapo mtambo usijiachie wenyewe mtu akijikwaa. Kinachowezesha hilo ni nyenzo, yaani urefu wa mkia wa kulabu ukilinganishwa na mdomo wake, pamoja na nyuso mbili ndogo za chuma zinazosuguana pale kizuizi kinapoukanyaga mkia. Ule ukwaruzaji unaousikia ni nyuso hizo zikiteleza, moja juu ya nyingine, zikiwa zimebanwa na mzigo. Wazo hili ni la kale sana. Askari wa udongo waliozikwa karibu na kaburi la mfalme Qin Shi Huang wa China, aliyefariki mwaka 210 KK, walipofukuliwa kuanzia mwaka 1974 walikutwa na vifyatulio vya bronzi vyenye vipande vilivyopangwa juu ya pini, na fundi wa leo akivishika anaelewa mara moja jinsi vilivyofanya kazi.

Kuna jambo moja la pinde nyingi za kisasa ambalo watengenezaji hawalisemi kwa sauti. Ili kufupisha upinde na kuupa mshale nafasi ndefu ya kusukumwa, kulabu imerudishwa nyuma karibu na shavu la mpigaji, lakini mshikio umebaki mbele. Kwa hiyo kati ya kifyatulio na kizuizi kuna fito ya chuma inayounganisha. Fito hiyo ikiwa na nafasi kwenye pini zake, au ikipinda kidogo inapovutwa, kidole kinahisi ulegevu kama wa kuvuta kamba yenye fundo. Mtu anadhani kifyatulio kibovu, kumbe ni fito. Kabla ya kununua chochote, ni lazima ujue shida iko wapi katika mlolongo huo, kwa sababu baadhi ya vifaa vinavyouzwa kama "triga mpya" ni kile kipande cha mbele tu cha kugusa kidole. Hicho kinabadilisha umbo na pengine urefu wa mvuto, basi. Nyuso zinazokwaruza zinabaki zilezile.

Kifaa kamili cha kubadilisha ni kisanduku kizima chenye kulabu, kizuizi, sefti (kifungio cha usalama) na ile kinga inayozuia upinde usifyatuke bila mshale. Hapo ndipo kuna tofauti ya kweli. Kampuni ya TriggerTech ya Canada, kwa mfano, imejulikana kwa kuweka kigurudumu kidogo kati ya nyuso mbili ili zibingirike badala ya kusuguana, na matokeo yake ni kifyatulio ambacho hakisogei, hakisogei, kisha kinaachia mara moja. Ukikigusa kimoja cha namna hiyo baada ya kuzoea hicho chako, utashangaa, na nitakuwa mwongo nikisema si kitu kizuri.

Lakini kinakupa nini hasa? Rafiki yako amekosea kuhusu mwendo. Mwendo wa mshale unatokana na mvuto wa upinde, urefu wa njia ambayo upote unausukuma mshale, na uzito wa mshale. Kifyatulio kikishaachia, kazi yake imekwisha. Kiwe cha kilo moja au cha kilo nne, mshale unaondoka na mwendo uleule.

Kinachobadilika ni kile ambacho mwili wako unaufanyia upinde katika nusu sekunde ya mwisho. Kifyatulio kizito kinakulazimisha kukaza kiganja, na kiganja kikikaza, upinde unasogea. Tuseme ncha ya mbele ya upinde imesogea milimita 1 tu, na kitako kiko bega lako sentimita 80 nyuma yake. Kwa mita 20 hilo ni kosa la sentimita 2.5, na kwa mita 40 ni sentimita 5. Milimita moja! Na kifyatulio kinachokwaruza kina ubaya zaidi ya uzito: hujui kitaachia lini, kwa hiyo unaanza kukivizia. Unaona alama imekaa sawa, unakivuta ghafla kabla haijahama, na bega linaruka. Ndiyo maana mimi huweka uzito nyuma na kutabirika mbele. Kifyatulio cha kilo 2 kinachoachia palepale kila siku ni bora kuliko cha kilo 1 kinachobadilika.

Hapa ongeza kitu kimoja ambacho wanaotoka kwenye bunduki hukisahau. Risasi hukaa ndani ya mtutu kwa takriban milisekunde moja. Mshale wa mita 110 kwa sekunde, ukisukumwa kwenye njia ya sentimita 35 hivi, unahitaji kama milisekunde 6 kuachana na upote. Kwa muda huo wote mwili wako bado unauongoza. Ukifyatua na papo hapo kuinua kichwa utazame shabaha, tayari umeugusa mshale ambao haujatoka. Baki shavu kwenye kitako mpaka usikie mshale ukigonga. Hili ni bure, na kwa wapigaji wengi niliowaona linafanya kazi kubwa kuliko triga mpya.

Sasa turudi kwenye namba zako. Kosa linalotokana na kifyatulio ni kosa la pembe: ncha imepotoka, mshale umeelekea pengine. Kosa la pembe likiwa sentimita 8 kwa mita 20, kwa mita 40 linakuwa sentimita 16, yaani umbali mara mbili na kosa mara mbili. Lako halikuwa mara mbili. Limetoka 8 hadi 30, karibu mara nne. Kuna kitu kingine kinachoingia kati ya mita 20 na 40, na kitu kinachoongezeka mara nne umbali ukiongezeka mara mbili ni kuanguka kwa mshale.

Kwa mwendo huo wa mita 110 kwa sekunde, na tukiuacha upinzani wa hewa pembeni, mshale unaanguka kama sentimita 16 ukifika mita 20, lakini unaanguka kama sentimita 65 ukifika mita 40. Darubini yako imefungwa ili kufidia anguko hilo, kwa masharti mawili: upinde uwe wima, na kila mshale uende kwa mwendo uleule. Ukiuinamisha upinde nyuzi 10 kulia, jambo ambalo jicho halilioni haraka hasa ukiwa umekaa kwenye mteremko, ile fidia inakwenda pembeni. Kwa mita 20 unapoteza chini ya sentimita 3. Kwa mita 40 unapoteza sentimita 11. Mshale unaofuata ukiinamisha kushoto kiasi hichohicho, kati ya mishale miwili pana sentimita 22, na kifyatulio hakijahusika kabisa.

Kwa hiyo kabla ya dola 150, fanya haya kwa utaratibu. Andika namba kwenye kila mshale kwa kalamu ya wino mzito. Jaza mfuko wa salfeti mchanga, uweke juu ya meza imara, ulaze upinde juu yake bila mabawa (ile mikono miwili ya upinde inayopinda) wala upote kugusa kitu chochote. Piga asubuhi, kabla upepo wa ziwa haujaanza kuvuma kwa nguvu mchana. Kagua skrubu za darubini kwanza, kwani zikilegea hakuna kipimo kitakachokuwa na maana. Bandika kipimamaji kidogo cha ujenzi, kile cha kiputo, mahali utakapokiona ukiwa umelenga, na usifyatue mpaka kiputo kikae katikati. Piga mita 20, kisha 30, kisha 40, na chora kila tundu kwenye daftari pamoja na namba ya mshale wake.

Daftari litakuambia. Mshale namba 4 ukienda chini kila mara, mshale huo ni mzito kuliko wenzake au manyoya yake yameharibika, uweke pembeni. Upeleke kwenye mizani ya sonara, wala usitumie ile ya kupimia samaki Kirumba, kwa maana tofauti tunayoitafuta ni ya gramu chache. Mishale yote ikitawanyika kwa kupanda na kushuka, tafuta tofauti ya uzito au upote uliochoka. Ikitawanyika kulia na kushoto, niulize namna unavyokoki. Wanaokoki kwa mikono mitupu karibu wote huvuta upande mmoja zaidi, upote unakaa nje ya katikati kwa milimita moja au mbili, na bawa moja linasukuma zaidi ya lingine. Tumia kamba ya kukokia yenye kulabu mbili, na chora alama mbili ndogo kwenye upote, kila upande wa reli (mhimili ambao mshale hulala juu yake), ili uone kama umekaa sawa kabla ya kuweka mshale.

Ikiwa juu ya mchanga mishale inakaa ndani ya sentimita 12 au 13 kwa mita 40, na ukitoka kwenye mchanga inarudi kutawanyika, hapo shida ni wewe na kifyatulio pamoja. Mwombe mwindaji bingwa wako akupakie yeye, upinde ukiwa umeelekezwa kwenye shabaha muda wote. Mara nyingine aiache sefti ikiwa imefungwa bila kukuambia. Ukivuta na mtambo usiachie, wote wawili mtaona bega lako linavyoruka. Bega likiruka, dawa ni mazoezi. Likitulia kabisa na kidole kikaendelea kubanana na chuma kinachokwaruza, basi nitakuambia bila kusita kwamba kifyatulio kinastahili kubadilishwa.

Hapo ndipo swali la hela linapokuwa halali. Dola 150 ni karibu laki nne za kwetu. Kwa fedha hiyo unapata seti ya mishale inayolingana, kamba nzuri ya kukokia, na pengine upote mpya. Kwa mpigaji wa namba zako ningeanza na mishale. Kwa mtu ambaye mishale yake imelingana, upinde wake unasimama wima, mwili wake umetulia, na bado kifyatulio chake cha kilo 3 na zaidi kinamtoa kwenye alama, kisanduku kizuri kilichotengenezwa kwa ajili ya modeli yake hasa ni ununuzi wa maana. Nasema modeli yake hasa. Visanduku hivi haviingiliani ovyo. Tofauti ndogo ya umbo la kulabu inatosha kuifanya isimeze upote vizuri, au ile kinga ya kufyatuka bila mshale isiuone mshale wako. Uliza pia kuhusu dhamana: watengenezaji wengi wa pinde huiondoa ukishabadilisha sehemu hiyo. Na kama upinde ni wa miaka ya karibuni, huenda hakuna hata kampuni inayotengeneza kisanduku chake, kwa sababu soko hili ni dogo sana likilinganishwa na la triga za bunduki.

Kuna njia ya kati ambayo haigharimu kitu. Vumbi la Kisesa ni laini na linaingia kila mahali, na kama kuna mtu amewahi kumimina oili ya cherehani ndani ya mtambo huo, sasa mna tope linalosaga. Soma kitabu cha upinde uone mtengenezaji anaruhusu usafi gani. Wengi huruhusu kupuliza vumbi na kutumia kilainishi kikavu kidogo, na hukataza kufungua kisanduku. Fanya hicho walichoruhusu tu, upinde ukiwa haujakokiwa, kisha uangalie kama ukwaruzaji umepungua. Mara nyingi hupungua. Ukitaka kujua uzito wa kifyatulio, tumia mizani ndogo ya kidijitali ya kupimia mabegi: upinde umekokiwa, mshale umo, umeelekezwa kwenye shabaha, unavuta taratibu na kusoma namba. Kamwe usipime kwa kufyatua bila mshale. Nguvu ambayo ingebebwa na mshale inarudi kwenye mabawa na upote, na bawa likivunjika karibu na uso wako, triga itakuwa jambo la mwisho utakalolifikiria.

Kuhusu msasa, naomba unisikilize vizuri. Simdharau fundi wa Nyakato. Wapo pale mafundi wa chuma ambao ningewapa shafti ya mashine ya boti bila wasiwasi. Lakini nyuso za kulabu na kizuizi kwa kawaida zimeimarishwa kwa moto kwenye ngozi ya juu tu, na ngozi hiyo ni nyembamba. Msasa ukiipita, chini yake kuna chuma laini. Siku ya kwanza utafurahi, triga itateleza vizuri. Baada ya muda chuma laini kitaliwa, ukingo utakuwa wa mviringo, na pembe ambayo mtengenezaji aliikata ili mzigo uzidi kukibana kizuizi itageuka kuwa pembe inayokisukuma kitoke. Hapo upinde unaweza kuachia unapofungua sefti, au unapouweka chini kwa kishindo, ukiwa na mshale wenye chembe cha wembe juu yake. Hakuna mtu Mwanza atakayeweza kukurudishia pembe ile. Elfu 20 hiyo ndiyo ghali kuliko zote ulizoniandikia.

Na usitafute wepesi kupita kiasi hata ukinunua. Oktoba huko Michigan asubuhi kuna baridi ambayo mtu wa Mwanza hajawahi kuishi nayo, na Novemba maji huganda. Utavaa glavu nene. Kidole kilichokufa ganzi ndani ya glavu hakisikii kifyatulio cha gramu 700. Kinakigusa tu na mshale umeondoka. Kwa uwindaji, kati ya kilo 1.5 na 2 panatosha, mradi kinaachia safi. Kidole kiingie kwenye kifyatulio baada ya mnyama kuwa kwenye alama na si kabla, na gumba la mkono wa mbele likae chini ya reli daima. Upote ukipita juu ya gumba unalikata, na wapigaji wenye vifyatulio vyepesi ndio wanaokutwa hawajajiandaa.

Kuna jambo jingine ambalo sijui kama umelifikiria. Upinde utakaowindia Michigan ni wa mwenyeji wako, wenye kifyatulio chake. Hiki cha Kisesa, ukikibadilisha, utakiacha Kisesa. Ukizoea kilo 1 hapa kisha ukapewa kilo 2 kule, umejifunza kitu ambacho itabidi ukisahau. Afadhali umwombe mwenyeji akuambie mfano wa upinde wake na uzito wa kifyatulio chake, halafu ukifika mtenge angalau siku mbili za shabaha kabla ya kuingia msituni. Moyo na mapafu ya kulungu huyo ni kama duara la sentimita 20. Umbali ambao mishale yako yote, ukiwa umekaa kama utakavyokaa siku ile, inaingia ndani ya duara lenye nusu ya upana huo, ndio umbali wako. Kwa sasa umbali wako ni mita 20 na kidogo, na wawindaji wengi wa huko hawahitaji zaidi ya mita 30 wakiwa juu ya jukwaa la mti. Chukua kipima umbali pia. Ukikadiria mita 35 kumbe ni 40, mshale unapiga kama sentimita 8 chini ya ulipolenga, na hizo, zikijumlishwa na mtawanyiko wako, zinatosha kuutoa kwenye mapafu.

Michigan wanadai cheti cha mafunzo ya usalama kwa kila mwindaji aliyezaliwa tangu tarehe 1 Januari 1960, isipokuwa anayetumia leseni ya mwanafunzi akiwa na mwindaji mzoefu pembeni. Mwambie mwenyeji wako alishughulikie hilo mapema, kabla hata ya tiketi. Na huku kwetu endelea na shabaha tu. Upinde hauna baruti, kwa hiyo wapo wanaodhani hauna sheria. Lakini kumwinda mnyamapori yeyote bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, awe amepigwa kwa risasi au kwa mshale. Swali lolote la namna hiyo lipeleke ofisi ya TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, mkubwa wako anawajua. Mteja naye asikutumbukizie kifaa cha silaha kwenye begi lake kama zawadi. Atakayeulizwa uwanja wa ndege ni yeye, na baadaye wewe.

Acha kabisa kupiga, na utafute mtu wa kuushika upinde huo kwa mikono yake, ukiona lolote kati ya haya: mtambo hautoi mlio wa kujifunga unapokoki, au unautoa nusu, mtambo umewahi kuachia bila kidole, hata mara moja, sefti inarudi yenyewe, kifyatulio kimekuwa chepesi ghafla bila mtu kukigusa, bawa lina ufa unaopita kucha, uzi uliozungushiwa upote katikati umeanza kufumuka. Fundi wa bunduki mwenye leseni anaweza kukagua chuma na kukuambia kama nyuso zimeliwa, lakini asizikate upya. Kisanduku kilicholiwa hubadilishwa au hurudishwa kwa mtengenezaji. Kama upinde umekokiwa na unakataa kufyatuka, usijaribu kuushusha upote kwa mikono. Uache umeelekea kwenye shabaha, watu wote wakae nyuma yake, na mwite mkubwa wako.

Piga kwanza juu ya mchanga, na kiputo kikiwa katikati. Ukishapata namba za mita 20, 30 na 40, niandikie tena pamoja na jina la modeli ya upinde, na kama ni kifyatulio kweli, nitakuelekeza kisanduku kinachouingia.